Kwa Sikujua, Farasi wa Igombe

Ulishuka kwenye lori la vitunguu kutoka Karatu,
mifupa ya nyonga imesimama kama vigingi,
na watoto wa Igombe wakakupokea kwa kelele:
"Punda aliyesoma! Punda aliyesoma!"
Mimi pia nilicheka. Nakiri leo.
Nilikuwa na beseni la dagaa kichwani
na Mbuke mgongoni, miaka saba,
miguu yake inanifika magotini.
Nikasema, haya, hospitali imeshindwa,
maombi yameshindwa,
sasa tumeletewa mganga mwenye mkia.

Mwalimu Luhende hakunijibu.
Alimpokea mtoto kama mtu anayepokea chungu cha moto,
akamweka juu yako, akamshika kiuno.
Shija akashika kamba.
Ukapiga hatua moja. Ukasubiri.
Nani alikufundisha kusubiri?
Mimi mamaye sikuwa nimejifunza:
namlisha mbio, namvisha mbio,
maana jua haliwangoji dagaa.

Hatua kumi na nne hadi kwenye jiwe,
lile lililobebwa na mwenzake bila kamba wala gundi,
kumi na nne kurudi.
Mbuke alizihesabu kwa kichwa,
kila namba kinadondoka mbele.
Wiki ya tano, ya sita, sikumbuki,
kichwa hakikudondoka.
Kilikaa juu ya shingo
kama beseni langu ninapoachia mikono.

Penseli haikuwahi kumpenda.
Vidole vyake hujifumba kama konokono aliyeguswa.
Tatu zilivunjika, daftari likatoboka.
Lakini ubavu wako, Sikujua, una manyoya mafupi na vumbi,
na mkono ukipita kinyume chake
panabaki njia nyeusi.
Ngumi inatosha. Kitako cha kiganja kinatosha.
Mwalimu akamwambia: panda mlima, shuka,
panda tena, shuka.
Huyo ni wewe, Mbuke, unaanzia hapo.
Nzi akatua, ngozi yako ikatetemeka, mlima ukafutika.
Mtoto akacheka mpaka mate yakafika kifuani,
akaupanda upya.
Ubao gani huu wenye joto,
unaojifuta wenyewe
na haumkaripii mtu?

Sasa sikiliza hasara uliyonitia.
Jumanne ile nilianika juu ya nyavu kuukuu,
nikamkalisha Mbuke pembeni na kopo lake la maji,
nikaenda kubishana bei na mnunuzi wa Kirumba.
Narudi, dagaa wamevurugwa.
Nilishafungua mdomo kutukana.
Kusoma sijui, hilo nilikuambia siku ya mvua
tulipojibanza wawili bandani.
Lakini mlima ule niliutambua:
panda, shuka, panda, shuka,
mrefu kama mkono wake,
umechimbwa hadi kwenye nyavu,
na dagaa wamejaa kingo zote mbili wakimeta.
Sikuwageuza.
Holo jirani akanifokea, upande wa chini utaoza, mwanamke!
Ukaoza.
Debe zima nimeliuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Nimekuletea michembe, tafuna.
Usinipigie chafya, ni kanga hii,
harufu ya mwaloni haisikii sabuni.
Mwalimu amekwenda kula, Shija kalala.
Mbuke yuko kwenye kigari chake
ananiamuru kwa kidevu: haya, mama.
Jina langu Nyanzobe, naambiwa,
linaanza na jirani wa herufi yake:
panda, shuka, panda,
halafu basi.
Ni mlima uleule uliopungukiwa mguu mmoja.
Unasimama vilevile.

Naweka kiganja ubavuni pako.
Tulia kidogo, Sikujua.
Nzi huyo asitue kwanza.